Utumbo Usiojua Kulegea

Ng'ombe anapoinamia birika la maji hapa Malili, Ukambani, mdomo wake huwa chini kuliko kifua. Maji anayokunywa hayashuki, yanapanda: yanakwea shingo nzima ndipo yaingie tumboni. Twiga hufanya vivyo hivyo kwa shingo ya karibu mita 2. Kwa hiyo ile dhana kwamba chakula hushuka kwa uzito wake tuiweke kando mapema. Kuna kinachokisukuma.

Ni nini? Wengi watajibu: ubongo. Lakini aliyewahi kuchinja mbuzi ana ushahidi wa kulikataa jibu hilo. Matumbo yakishatolewa na kuwekwa kwenye karai, yakiwa bado na joto, huendelea kujinyonganyonga. Ukiinama ukayatazama vizuri utaona kwamba hayatetemeki ovyo. Pete nyembamba ya mbano hujitokeza mahali pamoja, kisha husogea taratibu kufuata urefu wa utumbo, na majani yaliyosagika ndani yake hutangulia mbele. Punde pete nyingine huanza. Kichwa kimeshakatwa, hakuna amri inayotoka kwenye ubongo, na bado kazi inaendelea kwa mpangilio.

Mwaka 1899, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walilifanyia jambo hilo majaribio ya makini kwa mbwa. Walikata neva zote zinazotoka nje kuingia utumboni, kisha wakaingiza tonge ndani ya utumbo. Utumbo ulijikaza upande wa nyuma ya tonge, ule unaoelekea mdomoni, na ukalegea upande wa mbele, ule unaoelekea mkunduni. Tonge likasogea. Walipoliweka mahali pengine, yakatokea yale yale. Mwenendo huo wakauita kanuni ya utumbo: kaza nyuma, legeza mbele. Msomaji akiikumbuka kanuni hiyo peke yake, magonjwa yote nitakayoyaeleza hapa atayaelewa bila shida.

Sasa tuingie ndani ya ukuta wenyewe. Una tabaka mbili za misuli: ya ndani imezunguka utumbo, ya nje imelala kwa urefu. Kati ya tabaka hizo umetandazwa wavu wa seli za neva uliogunduliwa na Mjerumani Leopold Auerbach katika karne ya 19. Wavu mwingine, wa Georg Meissner, uko karibu zaidi na ngozi laini ya ndani. Kwa pamoja seli hizo zinazidi milioni 100. Neva hizi huhisi utumbo unapotanuka, hupelekeana habari, na kuamua bila kuuliza kichwani. Ubongo unaweza kuharakisha au kuchelewesha, ndiyo maana mwanafunzi huendeshwa na tumbo asubuhi ya mtihani, lakini haushiki usukani.

Kuna kundi la tatu, seli zilizopewa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo kazi yao ni kutoa mdundo. Tumboni mdundo huo ni kama mara 3 kwa dakika; mwanzoni mwa utumbo mwembamba hufikia kama mara 12. Na mtu akikaa na njaa, kila baada ya dakika 90 hadi 120 wimbi kubwa hupita kutoka tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba, likifagia mabaki. Huko kunguruma kwa tumbo tupu, ambako watu hukuonea haya kanisani, ni dalili ya ufagio kupita.

Nataka tusimame kidogo kwenye nusu ya pili ya kanuni, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kukaza tunakuelewa kwa urahisi, maana kila mtu amewahi kukunja ngumi. Kulegea tunakudhania kuwa ni kutofanya kitu, ni kupumzika tu. Utumboni sivyo. Msuli wa utumbo, ukiachwa peke yake, huelekea kujibana. Ili ulegee ni lazima neva iuambie, na huuambia kwa kumwaga kemikali, hasa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayoufikia msuli na kuufungua. Kulegea ni kazi inayofanywa na neva. Ondoa neva, na utumbo hautabaki wazi kama bomba, utafunga.

Tuone kwanza jinsi mambo haya yanavyoharibika kwa watu wazima, kwa ufupi.

Mwishoni mwa umio, pale chakula kinapoingia tumboni, kuna pete ya msuli inayokaa imefungwa na kufunguka mtu anapomeza. Neva za kuilegeza zikifa, pete haifunguki. Mtu hula, chakula kikasimama kifuani, na usiku akilala kinarudi kooni kikiwa hakijasagwa. Ugonjwa huu huitwa akalesia. Daktari humnywesha mgonjwa uji wa bariamu na kumpiga picha za eksirei: umio huonekana umepanuka juu, na chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Katika Kenya kuna sababu kubwa ya kutokisia, kwa kuwa saratani ya umio inaua wengi nchini, nayo pia huzuia chakula. Kwa kawaida saratani huanza kukataa ugali na nyama, na miezi ikipita ndipo hukataa uji. Akalesia mara nyingi hukataa vyote viwili tangu mapema. Hata hivyo kamera ya kuingizwa kooni ndiyo inayotoa hukumu, na haifai kuahirishwa. Tiba ya akalesia ni kuifungua pete kwa nguvu: kuipanua kwa puto, au kuukata msuli wake, upasuaji ambao Ernst Heller wa Ujerumani aliufanya mwaka 1913 na unaofanywa hadi leo. Zingatia kwamba neva hazirudishwi. Kinachofanywa ni kuondoa kizuizi ili uzito wa chakula, ambao mwanzoni tuliuweka kando, usaidie sasa.

Kisukari nacho, kikikaa miaka mingi bila kudhibitiwa, huharibu neva za tumbo. Tumbo linashindwa kusaga na kumwaga. Mgonjwa hushiba baada ya vijiko vichache, hutapika maharage aliyoyakula jana, na sukari yake hupanda na kushuka bila mpango. Sababu ya hilo la mwisho ni rahisi ukiifikiria: amejidunga insulini akala, insulini imeingia kazini, chakula bado kimekaa tumboni. Sukari inaporomoka. Baadaye chakula kinapita, insulini imekwisha, sukari inaruka. Hospitali kubwa hupima kwa kumlisha chakula chenye chembe za mionzi na kuangalia kimebaki kiasi gani; kikibaki zaidi ya sehemu 1 kati ya 10 baada ya saa 4, tumbo ni zito. Mgonjwa huyu hula kidogo kidogo mara nyingi, vyakula laini visivyo na mafuta mengi. Dawa ya metoklopramide humsaidia, lakini si ya kumezwa miezi na miezi bila daktari, kwa sababu inaweza kuleta mitikisiko ya uso na viungo isiyopona.

Kabla ya kufika kwa watoto, ambako ndiko moyo wangu uliko, kuna suala la mwendo. Utajuaje kama utumbo ni mzito au mwepesi? Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi Uganda tangu 1946, kwanza Lira kisha Mulago, alikuwa na njia isiyo na makuu. Aliwapa watu wameze vidonge vidogo vya plastiki vyenye bariamu, akakusanya choo chao kwenye mifuko ya plastiki, akakipiga eksirei na kuhesabu vidonge. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker na Neil Painter, alichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Kwa wanavijiji wa Uganda vidonge vilipita kwa takriban saa 36, na choo cha siku kilikuwa na uzito wa kama gramu 470. Kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza ilichukua zaidi ya saa 70, na choo kilikuwa kama gramu 110. Tofauti kubwa aliiona katika makapi ya chakula, zile nyuzinyuzi ambazo mwili hauzisagi.

Somo hili linatuhusu Ukambani moja kwa moja. Mahindi ya isyo huliwa na maganda yake. Muthokoi ni mahindi yaleyale yaliyokobolewa. Mbaazi na kunde zikichanganywa humo hurudisha sehemu ya kilichotwangwa kikaondoka. Kwa mtu mwenye neva nzima na choo kigumu, mbaazi, matunda na maji ya kutosha ni tiba ya kweli. Ila sharti liko hapo hapo: mwenye neva nzima. Makapi huongeza mzigo ili utumbo uuhisi na uusukume. Pasipo na neva hakuna wa kuuhisi, na mzigo unakuwa mzigo tu. Ndiyo maana mtoto fulani hulishwa mapapai na kunyweshwa dawa za kuharisha mwaka mzima, na tumbo likazidi kufura.

Mtoto huyo ndiye ninayemwandikia.

Mwaka 1886, Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliwaeleza wenzake mjini Berlin habari za watoto wawili wa kiume waliokufa wakiwa wachanga. Walikuwa wakipata choo kwa shida tangu kuzaliwa. Baada ya kifo, utumbo wao mpana ulikutwa umetanuka ajabu na kuta zake zimenenepa. Hirschsprung aliamini kwamba sehemu hiyo kubwa ndiyo mgonjwa, na ni nani asingeamini? Kwa miaka 60 hivi madaktari walihangaika nayo. Wengine waliikata wakaitupa, na mtoto akarudia hali ile ile.

Anayesafiri barabara ya Mombasa analijua kosa hili, kwa sababu akikwama Malili kwenye foleni ya malori ya kilomita kadhaa hayalaumu malori yaliyomzunguka. Lori bovu liko mbele, pengine Salama, na hapo lilipo barabara mbele yake ni nyeupe.

Ndivyo alivyofikiri daktari mpasuaji Orvar Swenson huko Boston. Aliona kwamba watoto waliotobolewa tundu la choo tumboni, likiwa juu ya sehemu ya mwisho, walinawiri. Tundu likifungwa, ugonjwa ukarudi. Kumbe ule utumbo mkubwa ulikuwa unafanya kazi vizuri ukipewa njia. Akapima mbano kwa puto na kukuta kwamba sehemu ya mwisho, nyembamba, yenye kuonekana ya kawaida kabisa, haikuwa na wimbi la kusukuma. Chini ya darubini, seli za neva za Auerbach na Meissner hazikuwamo. Mwaka 1948 alieleza upasuaji wake: kata ile nyembamba, vuta chini ile yenye neva, ishone karibu na mkundu. Sehemu iliyofura ilikuwa imefura kwa kupigana, na ile iliyoonekana nzima ndiyo iliyofunga mlango.

Kwa nini neva zikosekane mwishoni tu, wala si katikati? Kwa sababu seli hizo hazizaliwi utumboni. Mimba ikiwa changa huanzia karibu na shingo ya kijusi, huingia upande wa mdomoni, na kusafiri kuteremka utumbo wote hadi mwisho, safari inayokamilika ndani ya miezi 3 ya kwanza. Zikikoma njiani, kinachobaki bila neva ni kile kilicho mbele yake mpaka mkunduni. Kwa watoto 8 kati ya 10 hukosekana sehemu fupi ya mwisho tu. Kwa wachache utumbo mpana wote huwa mtupu. Jeni iitwayo RET ni mojawapo ya zile zinazoongoza safari, na hitilafu yake imeonekana katika familia nyingi zenye ugonjwa huu. Hutokea kwa kama mtoto 1 katika kila 5,000, wavulana mara 4 kuliko wasichana, na zaidi kwa watoto wenye hali ya Down. Chakula alichokula mama wala alichokitenda hakihusiki. Nalisema waziwazi kwa sababu akina mama hulaumiwa.

Dalili ya kwanza haihitaji mashine. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni hupata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya saa 24. Karibu wote wanakuwa wamekipata kabla ya saa 48. Asipokipata, kwanza atazamwe kama ana tundu, kwa maana wapo wanaozaliwa bila. Tundu likiwepo, na tumbo likianza kujaa, na matapishi yakiwa ya kijani, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ugumu ni kwamba mama aliyejifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyofuata, au hata mapema zaidi. Saa ya 48 humkuta kijijini, huenda na nyanya wa mtoto peke yake. Mwongozo wa Kenya unataka mtoto aangaliwe ndani ya saa 48, na tena wiki ya kwanza hadi ya pili. Katika ziara ya kwanza swali la choo liulizwe kwa saa: kilitoka lini? Kuuliza tu kama "anapata choo" hakutoshi, na kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati kuchelewa kidogo ni kawaida.

Wapo pia waliopata choo kwa wakati na bado wana ugonjwa, kwa hiyo swali moja halifungi mlango. Hawa huonekana baadaye: mwaka 1, 3, hata 8, mikono myembamba na tumbo kubwa linalong'aa, choo baada ya wiki. Hudhaniwa minyoo au utapiamlo. Choo kigumu cha kawaida huanza mtoto anapoachishwa ziwa au anapofundishwa kutumia choo. Hutoka vipande vikubwa, na nguo ya ndani huchafuka. Cha ugonjwa huu, unaoitwa kwa jina la Hirschsprung, kimeanza tangu siku za kwanza. Daktari akiingiza kidole, hukuta njia imebana na tupu. Akikitoa, hewa na choo hufyatuka kwa nguvu, na tumbo hunywea.

Hospitalini, bariamu hutiwa kwa njia ya nyuma na picha kupigwa. Kinachotafutwa ni pale wembamba unapobadilika kuwa upana. Jibu la mwisho, hata hivyo, ni kipande kidogo cha ukuta wa ndani. Mwaka 1969 Helen Noblett wa Melbourne alitengeneza kifaa kinachonyonya na kukata kipande hicho kwa mtoto mchanga bila nusukaputi. Mtoto hasikii uchungu, kwa kuwa sehemu hiyo ya ndani haina neva za maumivu. Mtaalamu wa patholojia hutafuta seli za neva kwa darubini. Zikiwapo, si ugonjwa wa Hirschsprung. Hapa ndipo pagumu kwetu: kukata kipande ni dakika chache, mtaalamu wa kukisoma hayuko kila mji.

Wakati jibu linasubiriwa, mtoto asiachwe afure. Muuguzi huingiza mpira laini hadi kupita sehemu iliyobana, humimina maji ya chumvi ya hospitali kidogo kidogo na kuyaacha yarudi na choo. Maji matupu yasitumike, wala ya sabuni: hunywewa na utumbo uliotanuka, chumvi ya damu ikashuka, mtoto akapata degedege.

Mtoto aliyegundulika mapema huweza kufanyiwa upasuaji mara moja. Tangu 1998, kwa njia iliyoelezwa na Luis de la Torre-Mondragón wa Mexico na mwenzake, utumbo huvutwa na kukatwa kupitia mkunduni bila kupasua tumbo. Aliyechelewa, utumbo wake umepanuka mno kuweza kushonwa pale chini. Kwanza hutobolewa tundu tumboni ili unywee kwa miezi kadhaa. Familia ya Malili ikifikia hatua hiyo, safari yake hupitia Machakos au Wote na kuishia hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, au ng'ambo yake Kijabe, ambako shirika la BethanyKids limekuwa likiwapasua watoto kwa miaka mingi. Kuchelewa huongeza operesheni, huongeza nauli, na mama hujifunza kubandika mfuko wa choo kwenye tumbo la mwanawe huku akiwa na shamba linalomngoja.

Baada ya upasuaji wengi hupata choo wenyewe, wakianza kwa mara nyingi kwa siku na matako yaliyochubuka, hali inayotulia miezi ikienda. Pete ya mwisho kabisa ya msuli huachwa ili mtoto aweze kujizuia, na pete hiyo bado haina neva za kuilegeza. Choo kinaweza kusimama tena, vijidudu vikazaliana, utumbo ukavimba. Mtoto huwa na homa, tumbo limejaa, analegea, na choo hutoka kwa kishindo kikiwa majimaji yenye harufu kali. Kituoni ni rahisi kukidhania kuwa kuharisha kwa kawaida na kumpa mtoto maji ya chumvi na sukari arudi nyumbani. Kovu lake, au barua ya hospitali iliyowekwa ndani ya kitabu cha kliniki, imwambie mhudumu mengine: huyu anahitaji kuoshwa utumbo, dripu na dawa za vijidudu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama operesheni ilifanywa miaka 2 iliyopita.